Kukopa harusi, kulipa matanga: mkopeshaji aliyekula pilau harusini yuko wapi siku ya msiba?

#1 Mzee wa Marejesho (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mada ya deni la taifa ikiletwa humu, hazipiti dakika kumi kabla mtu hajaandika "dawa ya deni ni kulipa". Methali hiyo nimeitumia miaka kumi na moja nikiwa afisa mikopo Tunduma, mpakani na Zambia. Nimeitamka kwenye milango ya watu, mingine nikijua kabisa kwamba ndani hakuna hata unga. Leo nataka tumzungumzie mtu ambaye methali hiyo haimgusi: aliyetoa mkopo. Alipima nini kabla ya kutoa? Na akipima vibaya, hasara inamwangukia nani?

Nianze na kosa langu. Mwaka 2014 nilimpitishia mkopo mfanyabiashara wa mahindi ambaye tayari alikuwa na mikopo sehemu tatu. Nilijua. Sikwenda kuona ghala lake kwa sababu ilikuwa tarehe 29, lengo la mwezi halijatimia, na ofisi niliyoifanyia kazi ilitupa posho kwa kiasi tulichotoa, si kwa kiasi kilichorudi. Jamaa alikuwa kwenye kikundi cha watu watano wanaodhaminiana. Baada ya miezi minne akavuka mpaka na hakuonekana tena. Wenzake wanne, wote akina mama wauza dagaa na vitenge, ndio waliolipa. Mimi mwenyewe nilikwenda na mgambo kubeba cherehani ya mmoja wao. Katika pesa ile hakuwa amegusa hata shilingi. Posho yangu nilikuwa nimeshaipokea, na hakuna aliyewahi kuniambia niirudishe.

Wachumi wana jina refu la jambo hili. Kwa lugha yetu ni uzembe unaozaliwa na kinga: mtu akijua kwamba mambo yakiharibika atalipa mwingine, mkono wake unakuwa mwepesi. Kwenye madeni ya mataifa tunaambiwa uzembe huo ni wa mkopaji peke yake, kwamba nchi ikisamehewa leo kesho itakopa tena hovyo. Nina hakika nusu ya hadithi ndiyo inayosimuliwa.

Mfano wangu ni Zaire ya Mobutu, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nimeuchagua kwa sababu malori ya shaba kutoka Kolwezi na Likasi hupita Tunduma kwenda bandari ya Dar, na nimekaa na madereva wake usiku mwingi wakisubiri kuvuka. Masimulizi yao ndiyo yaliyonifanya nianze kutafuta historia ya deni la nchi ile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bei ya shaba ilikuwa juu. Mwishoni mwa 1973 mafuta yakapanda bei, dola za nchi zinazouza mafuta zikarundikana kwenye benki za New York na London, na pesa ikilala benki haizai. Zaire ikaonekana mteja mzuri: ina shaba, ina kobalti, ina almasi, na ina rais ambaye Marekani, Ufaransa na Ubelgiji zinamtaka abaki.

Sasa angalieni mkopo wenyewe ulivyotembea, kwa sababu hapa ndipo wengi tunaparuka bila kuangalia. Kampuni ya Ulaya au Marekani inaiuzia Zaire mitambo. Benki ya huko inaikopesha Zaire pesa za kuinunua mitambo hiyo. Serikali ya huko inamwekea dhamana muuzaji na benki yake. Zaire ikishindwa kulipa, serikali ile inailipa benki, kisha inalibeba deni na kwenda kuidai Zaire kwenye Klabu ya Paris, meza ya pamoja ya serikali zinazodai. Kampuni imelipwa na benki imelipwa. Yule aliyepaswa kukaa chini na kujiuliza kama mtambo huu utazalisha hata jozi moja ya viatu hana sababu ya kujiuliza.

Shaba ikaporomoka kuanzia katikati ya 1974. Mwaka 1975 Zaire ikawa haiwezi kulipa. Mwaka 1976 ikaenda Klabu ya Paris kwa mara ya kwanza, ikarudi tena na tena hadi 1989, karibu kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Benki za biashara, Citibank ikiwa mbele, zilikataa kupanga upya marejesho. Zilisema: lipeni malimbikizo kwanza, nasi tutajitahidi kuwatafutia mkopo mpya wa dola milioni 250. Afisa mikopo yeyote anaujua mchezo huo. Ni mkopo wa kufunika mkopo. Unafanyika ili daftari lionekane halina mkopo chechefu, yaani usiolipwa.

Mwaka 1978 wakopeshaji wakapata nafasi ya kuona kila kitu. IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, ilimpeleka Kinshasa mtu wa benki kuu ya Ujerumani Magharibi, Erwin Blumenthal, akae ndani ya Benki ya Zaire na kusimamia fedha za kigeni. Mwaka uliofuata akaondoka. Mwaka 1982 akaandika taarifa inayoeleza jinsi rais na watu wake walivyokuwa wakichota fedha za nchi, na akasema bila kuzunguka kwamba wadai wasitarajie kuziona pesa zao.

Someni hapo tena. Wadai waliambiwa, tena na mtu wao, kwa maandishi. Mikopo haikukoma. Mwaka 1983 IMF ikatoa mkopo mpya. Mwaka 1987 David Finch, mmoja wa wakuu wa idara za IMF, akajiuzulu akipinga shinikizo la kisiasa la kuzikopesha Misri na Zaire. Mobutu aliendelea kupokelewa White House, kwa sababu jirani kulikuwa na Angola na vita baridi.

Alipoanguka Mei 1997 nchi ilikuwa na deni la zaidi ya dola bilioni 12. Alikufa Rabat Septemba mwaka huohuo. Deni halikuzikwa naye.

Ninachouliza ni hiki: mkopeshaji aliyeonywa kwa maandishi na bado akakopesha, ana haki gani ya kumdai mtoto aliyezaliwa Likasi mwaka 1998?

#2 Nyundo ya Kilwa

Mzee, bandiko zito, na heshima kwa kukiri lile la cherehani. Ila sikubaliani nawe. Mobutu hakulazimishwa kusaini. Aliyejenga kasri Gbadolite na uwanja wa kutua Concorde msituni ni Mwafrika mwenzetu. Tukianza kusema wakopeshaji nao wana makosa, tunawapa viongozi wetu mlango wa kutokea. Kesho kila waziri atasema "nilikopeshwa vibaya". Mwizi ni mwizi, hata kama dirisha lilikuwa wazi.

#3 Mama Ntilie wa Soweto Mbeya

Mzee wa Marejesho umenigusa. Mimi ni mmoja wa wanaokopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Wale vijana wanajua kabisa siwezi kurudisha ndani ya siku thelathini, maana hawaulizi biashara yangu, wanauliza friji yangu iko wapi. Kumbe na nchi zinakopeshwa hivyohivyo.

#4 Mzee wa Marejesho

Dada hapo juu, sentensi yako kuhusu friji imesema kuliko aya zangu zote. Mkopeshaji anayeangalia friji badala ya biashara ameshapanga namna ya kujilipa siku utakayoshindwa.

Ndugu Nyundo, nakubali mwizi ni mwizi. Mobutu simtetei hata kwa nukta. Ila mfano wako wa dirisha haukai sawa. Huyu hakukuta dirisha wazi. Mwenye nyumba alimkabidhi ufunguo, akaambiwa na mlinzi wake mwenyewe kwamba huyu ni mwizi, akamwongezea ufunguo wa stoo, kisha akapeleka bili kwa wapangaji. Sheria za kawaida za nchi nyingi zinamjua mtu wa namna hiyo. Ukinunua mali huku ukijua ni ya wizi, huwezi kusema mimi nilitoa pesa yangu halali.

Na hatia ya mkopeshaji haimpunguzii Mobutu yake. Mimi nilipopitisha ule mkopo, mtoro yule alibaki mwizi vilevile. Makosa yalikuwa mawili, na waliolipa ni akina mama wanne waliokuwa nje ya yote mawili.

#5 Mwana wa Kolwezi

Jambo bandugu. Nasoma uzi huu niko Kolwezi. Nilifanya kazi Dar miaka sita, ndiyo Kiswahili changu kimenyooka kidogo.

Mzee ametaja mitambo kwa ujumla. Mimi nitaje mmoja. Kuna laini ya umeme inatoka bwawa la Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi hapa kwetu Kolwezi. Ni karibu kilomita 1,700. Ilianza kujengwa miaka ya 1970 na ikakamilika 1982. Pesa zilikuwa za mkopo, na benki ya serikali ya Marekani ya kukuza mauzo ya nje ilikuwa mmoja wa wakopeshaji wakubwa.

Umeme wake ni wa aina ambayo huwezi kuuchomoa njiani kirahisi. Unaingia Inga, unatokea Kolwezi. Katikati nguzo zinapita juu ya vijiji ambavyo hadi leo usiku wanawasha koroboi. Kijiji cha mama yangu ni kimojawapo. Nikiwa mdogo nililala pale, unasikia nyaya zinavuma juu ya paa la nyasi, na babu anatafuta kiberiti.

Na Katanga ilikuwa na mabwawa yake tangu enzi za Wabelgiji, Nzilo na Nseke, hapahapa karibu na mji. Umeme ungeweza kuongezwa huku kwa gharama ndogo. Wazee wetu wanasema sababu ilikuwa siasa. Katanga ilijitenga 1960 hadi 1963, na Mobutu alitaka swichi ya migodi iwe mkononi mwake, upande wa Kinshasa. Na wauzaji wa nguzo na nyaya walitaka kuuza. Nani alikuwa na sababu ya kusema mradi huu haufai? Si wa huku, si wa kule.

Laini ilipokamilika, shaba ilikuwa imeanguka bei na ule upanuzi mkubwa wa migodi uliohesabiwa mwanzo haukutokea. Deni lilibaki palepale.

#6 Wakili wa Kijiweni

Nimwongezee Mwana wa Kolwezi jambo la nyaya. Miaka ya 1980 kampuni ya Energoinvest ya Sarajevo nayo ilijenga miundombinu ya umeme Zaire kwa mkopo. Haikulipwa. Mwaka 2003 ikashinda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mfuko mmoja wa uwekezaji wa Marekani, FG Hemisphere, ukainunua haki ya kudai, ukaanza kuikimbiza Kongo dunia nzima ukitaka zaidi ya dola milioni 100 pamoja na riba. Ilifika Hong Kong, ikafika kisiwa cha Jersey ambako walitaka kukamata mali ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mahakama ya juu ya Hong Kong iliwakatalia 2011, na Jersey ikaishia kwa majaji wa London 2012, wakakataliwa tena.

Hawa ndio wanaoitwa tai mzoga. Hawakukopesha mtu. Wananunua deni bovu kwa bei ya kutupa kisha wanadai lote kamili. Uingereza ilitunga sheria 2010 ya kuwazuia kudai zaidi ya kiwango cha msamaha kwa nchi maskini zilizoingia kwenye mpango wa kimataifa wa msamaha wa madeni. Ni nadra sana kuona bunge la nchi tajiri likimwekea mipaka anayedai.

#7 Kipepeo wa Nyali

Jameni, mimi nawasoma kutoka Mombasa. Nina swali kuhusu riba.

Februari 2024 sisi Kenya tulitoa hatifungani, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji, ya dola bilioni 1.5 ili kulipa ile ya 2014 iliyokuwa inaiva Juni. Ya 2014, ya miaka kumi, tulikuwa tunalipa riba ya asilimia 6.875. Hii mpya wanunuzi walitaka zaidi ya asilimia 10. Serikali ya Marekani wakati huohuo ilikuwa inakopa kwa kama asilimia 4. Waziri akieleza, anasema tofauti hiyo ni bei ya hatari: sisi tunaweza kushindwa kulipa, Marekani haitashindwa.

Sasa kama nimeshalipia hatari kila mwaka, hatari ikitokea mbona bado ni yangu? Mimi nikilipa bima ya gari, gari likigongwa bima inalipa. Hapa nalipa bima na gari nalitengeneza mwenyewe.

#8 Mzee wa Marejesho

Dada wa Nyali, swali lako ndilo shina la mada yote.

Riba ina sehemu mbili. Moja ni kodi ya pesa, yaani gharama ya kukaa bila pesa yako. Ya pili ni malipo ya kubeba hatari. Mkopeshaji akitoza ya pili, ameuza kitu. Ameahidi kwamba mambo yakiharibika na yeye ataumia. Akishaipokea miaka kumi, halafu siku ya kuumia ikaletwa pesa ya umma kumlipa kamili, ameuza mzigo ambao hakuubeba.

Na hii haitokei Afrika tu. Mwanzoni mwa 1995 Mexico ilipokwama, ulikusanywa mkopo wa uokoaji wa karibu dola bilioni 50, Marekani na IMF zikiongoza. Wenye hatifungani za muda mfupi za Mexico, zile zilizofungamanishwa na dola, walilipwa. Miaka mitatu baadaye wawekezaji walikuwa wanagombania hati za serikali ya Urusi zenye riba kubwa ajabu. Sokoni kulikuwa na imani ya wazi: nchi yenye mabomu ya nyuklia haitaachwa ianguke, IMF italeta pesa. Kweli Julai 1998 ukatangazwa msaada wa zaidi ya dola bilioni 22. Agosti 17 Urusi ikashusha sarafu na kusimamisha malipo. Safari hiyo walioamini kinga waliumia. Lakini mliona kwanza kinga ilivyofanya kazi? Ilitangulia kuwapumbaza kabla hata haijatolewa.

Ugiriki nayo 2010. Mkopo wa kwanza wa uokoaji ulikuwa euro bilioni 110. Wawekezaji binafsi wenye hatifungani hawakukatwa sehemu ya wanachodai hadi Machi 2012, na katika miaka hiyo miwili benki za Ufaransa na Ujerumani zilipata muda wa kutoka. Mzee wa Athens aliyekatwa pensheni alikuwa anabeba kikapu cha benki ambayo hajawahi kuiona.

#9 Chapakazi

Wakuu, mnaongea vizuri ila mnamkwepa ng'ombe aliyesimama barabarani. ZAMBIA. Si mbali na Tunduma, Mzee, ni ng'ambo ya geti.

Zambia ilisamehewa mwaka 2005 na 2006, deni lote la mabilioni likabaki sehemu ndogo tu. Mwaka 2012 ikatoa hatifungani ya dola milioni 750. 2014 nyingine ya bilioni moja. 2015 nyingine ya bilioni 1.25. Bado mikopo ya China ya barabara na viwanja vya ndege. Novemba 2020 ikashindwa kulipa. Miaka kumi na tano tu baada ya msamaha! Huo si uzembe wa mwenye kinga? Nani aliwafundisha kwamba deni husamehewa?

#10 Mzee wa Marejesho

Ndugu Chapakazi, ni kweli tupu na sina njia ya kuipita. Nakonde nimepita, Kasama nimepita, nimeona mabango ya miradi iliyoishia kwenye bango. Serikali ya Zambia ilikopa kwa fujo na ilifanya siri kwenye baadhi ya mikopo. Msamaha ulichangia kuifungua mikono.

Ila na wewe nifikishe mwisho wa hesabu. Ile hatifungani ya 2012 ya milioni 750 ilikuwa na riba ya asilimia 5.375, na wanunuzi waliitaka mara nyingi zaidi ya kiasi kilichouzwa. Mwaka huohuo Hispania ilikuwa inakopa kwa bei ya juu kuliko hiyo! Nani alipima? Zambia ilikuwa nchi inayotegemea shaba ileile iliyoiangusha Zaire, na iliyoiangusha yenyewe miaka ya 1970. Mameneja wa mifuko ya uwekezaji hawakuwa watoto. Walikuwa na posho za mwisho wa mwaka kama mimi nilivyokuwa na posho ya tarehe 29. Msamaha wa 2005 uliwasafishia daftari la mteja, nao wakalitumia kumuuzia mikopo mipya.

Kwa hiyo nikisema mkopeshaji awajibike, sisemi mkopaji aachwe. Nasema mkato uwepo, yaani wadai wapunguziwe wanachodai, uje mapema, na uwafikie waliotoza bei ya hatari. Zambia ilisubiri takribani miaka mitatu na nusu kutoka kushindwa kulipa hadi kubadilishana hatifungani, katikati ya 2024, kwa sababu wadai walikuwa wanabishana nani akatwe kwanza. Mwaka 2001 Anne Krueger wa IMF alipendekeza utaratibu wa nchi kufilisika kisheria, kama kampuni inavyofilisika mahakamani. Ulizimwa 2003. Marekani haikuutaka, masoko hayakuutaka, na hata baadhi ya nchi zinazokopa ziliogopa kuonekana zinautaka.

#11 Shangani Mtwara

Mimi niko Mtwara, ndugu zangu wengine wako ng'ambo ya Ruvuma, Palma na Mocímboa da Praia. Mzee umesahau Msumbiji na ndiyo kesi safi kuliko zote.

Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali zilikopeshwa takriban dola bilioni 2 na Credit Suisse pamoja na VTB ya Urusi. Moja ilikuwa ya kuvua jodari, moja ya kulinda pwani, moja ya karakana za meli. Waziri wa fedha Manuel Chang alisaini dhamana za serikali bila Bunge kujua. Sehemu kubwa ilikuwa siri hadi Aprili 2016. Boti za jodari zikaozea bandarini Maputo. IMF na wafadhili wakasimamisha misaada, sarafu ikaanguka, Januari 2017 nchi ikashindwa kulipa. Ukaguzi wa 2017 ukakuta dola milioni 500 hazijulikani zilikokwenda.

Kilichofanya kesi hii iwe tofauti ni kwamba maafisa watatu waliokuwa Credit Suisse walikiri makosa mahakamani Marekani 2019. Mmoja alikiri kupokea mamilioni ya dola za mlungula. Mwaka 2021 benki ikatozwa faini ya karibu dola milioni 475 na ikakubali kuifutia Msumbiji dola milioni 200. Chang mwenyewe alikutwa na hatia Brooklyn Agosti 2024.

Ila linganisheni. Utafiti uliotolewa Maputo 2021 ulikadiria gharama kwa nchi kuwa angalau dola bilioni 11, na karibu watu milioni mbili kusukumwa kwenye umaskini. Kampuni ya kulinda pwani ilikopeshwa dola milioni 622. Oktoba 2017 vita ikaanza Mocímboa da Praia. Shangazi yangu alivuka mto na ndoo moja na mjukuu. Hakukuwa na boti yoyote ya kulinda pwani.

#12 Mzee wa Marejesho

Pole sana ndugu Shangani. Shangazi yupo salama sasa?

Hapo umeonyesha kwamba mkopeshaji akifikishwa mahakamani hufikishwa kwa rushwa tu. Hata kwetu, ile hatifungani ya dola milioni 600 ya 2013, mahakama ya London ilishughulikia dola milioni 6 zilizolipwa kampuni ya kati, tukarudishiwa takriban milioni 7 mwaka 2015. Lakini kukopesha kizembe bila rushwa, kukopesha huku umeonywa, kukopesha laini ya umeme isiyowasha kijiji hata kimoja, hilo halina mahakama.

Najua serikali moja tu iliyojishitaki yenyewe. Norway, kati ya 1976 na 1980, iliziuzia nchi za kusini meli kwa mikopo, lengo likiwa kuokoa ajira kwenye viwanda vyake vya meli vilivyokuwa vinakosa kazi. Haja ya mnunuzi haikupimwa ipasavyo. Oktoba 2006 ikatangaza kuzifutia Ecuador, Misri, Jamaika, Peru na Sierra Leone takriban dola milioni 80, ikasema wazi kwamba kama mkopeshaji ilikuwa na sehemu ya kosa. Na haikuhesabu pesa hiyo kama msaada.

Hilo la mwisho lina uzito. Zaire nayo ilisamehewa, na zile hatua tuzipitie. Mwaka 2002 nchi nne, Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini na Sweden, ziliiazima Kongo pesa za kulipa malimbikizo ya IMF. IMF ikalipwa, kisha IMF ikatoa mkopo mpya, na mkopo huo ukatumika kuwarudishia zile nchi nne. Mkopo wa kufunika mkopo, Tunduma tupu. Septemba 2002 wadai wa Klabu ya Paris wakakubali kufuta sehemu ya madeni, na mkiangalia takwimu za misaada za mwaka 2003 mtakuta Kongo "imepokea" mabilioni ya dola. Nyingi kati ya hizo ni yale madeni ya Mobutu yaliyofutwa, yameandikwa kama ukarimu. Julai 2010 ukaja msamaha mkubwa wa dola bilioni 12.3.

#13 Mwana wa Kolwezi

Mzee, mwaka huo wa 2003 nilikuwa darasa la nne. Mwalimu wetu alikuwa analipwa na wazazi. Mama alipeleka unga wa muhogo kwa mwezi mmoja badala ya pesa. Leo ndiyo nasikia kwamba nilikuwa napokea mabilioni.

#14 Nyundo ya Kilwa

Nimesoma yote. Msimamo wangu kuhusu viongozi wetu haubadiliki, lakini hilo la msamaha kuandikwa kama msaada sikulijua, na limenikera. Mleta mada, pendekezo lako ni lipi hasa? Tusiishie kulalamika.

#15 Mzee wa Marejesho

Sina mpango wa kuiokoa dunia, ndugu yangu. Nina mambo ninayoyataka yawe sheria, na nitamwandikia mbunge wangu.

La kwanza na kubwa: dhamana ya serikali isiyopita Bungeni na kutangazwa isiwe deni letu, na mkataba wenyewe useme hivyo kabla mkopeshaji hajatoa senti. Baraza la Katiba la Msumbiji lilitamka dhamana zile batili mwaka 2019 na 2020, lakini nchi ilikuwa imeshajifunga kwenye hatifungani mpya. Tamko lilikuja nyuma ya saini. Likiwa ndani ya mkataba tangu mwanzo, benki itatuma mtu wake Dodoma au Nairobi kusoma kumbukumbu za Bunge kabla ya kukopesha. Hapo ndipo mkopeshaji anakuwa mlinzi bila kuombwa.

Mengine, kama posho za wakopeshaji zirudishwe mkopo ukifa, yako nje ya uwezo wa mbunge wangu.

#16 Mama Ntilie wa Soweto Mbeya

Baba, hujatuambia. Yule mama wa cherehani?

#17 Mzee wa Marejesho

Nilimtafuta 2019, nikiwa nimeshaacha ile kazi. Nilimkuta anauza nyanya pale Mpemba, karibu na Tunduma. Nilimpelekea cherehani nyingine, si mpya lakini inafanya kazi, pamoja na pesa aliyolipa kwa ajili ya yule mtoro. Aliikagua kwanza mkanda na sindano, akaizungusha mara mbili, ndipo akaniuliza wenzake watatu je.

Wawili nimeshawalipa. Wa tatu alihamia Mpika, Zambia. Kuna dereva ananiulizia kila akipita.